Ndugu wa Stesheni: African Association, Dodoma na Reli ya Kati

Mwaka 2029 African Association itatimiza miaka 100 tangu ilipoasisiwa Dar es Salaam. Chama chenyewe hakipo tena. Kilibadili jina mwaka 1948, na mwaka 1954 kikajivua gamba na kutoka kikiwa TANU. Kwa sababu hiyo habari zake huandikwa kama dibaji tu ya habari nyingine: aya moja ya Cecil Matola na Kleist Sykes, kisha msomaji anarukishwa hadi Saba Saba. Humu tunakiangalia kama chama cha kindugu, yaani jumuiya ya watu wasio wa damu moja waliokubaliana kutunzana. Na tunakiangalia kutoka Dodoma, katikati ya reli, mahali ulipofanyika mkutano wake mkuu wa mwaka 1945.

Ukitaja chama cha kindugu mbele ya kijana wa Majengo au Area C leo, atakuuliza habari za Freemason, na kwake Freemason ni utajiri wa ghafla na kafara. Uvumi huo ulitia fora nchini miaka ya mwanzo ya 2010, mpaka Sir Andy Chande akawa anajitokeza kwenye vyombo vya habari kueleza. Chande alikuwa mfanyabiashara aliyekulia Bukene, Nzega, juu ya uwanda huu huu wa kati, na aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki kuanzia 1986 hadi 2005. Jengo lao la Dar es Salaam liko Barabara ya Sokoine, mbele ya macho ya kila apitaye. Kwa ufupi, ni udugu ulioanza London kwa sura yake ya sasa tarehe 24 Juni 1717, loji nne zilipoungana, ukavuka bahari pamoja na Waingereza hadi makoloni yao yote. Uanachama una ngazi, ada, viapo na misaada. Mengine mengi yanayosemwa vijiweni tutayaacha huko huko vijiweni, isipokuwa tawi moja la udugu huo, la watu weusi wa Marekani, ambalo tutalirudia, maana lina jambo la kutuambia.

1910–1922: Reli, Mtunya na beni

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma 1914. Mji uliokua kando ya stesheni ulikuwa wa wageni: makarani waliosoma shule za pwani, mafundi wa reli, askari, wachuuzi wa Kinyamwezi na Kimanyema, Wahindi wenye maduka. Wagogo, wenye nchi, walikuwa kwenye matembe yao na ng'ombe wao, wakiuangalia mji kwa mbali.

Mgeni akiugua mahali kama hapo, nani wa kumuuguza? Akifa, nani wa kumzika? Kijijini maswali haya hayaulizwi kwa sababu ukoo upo. Karani wa kutoka Tanga au fundi wa kutoka Ujiji alikuwa na ukoo pia, ila ulikuwa mwisho wa reli, na hata simu ya maandishi ikitumwa, ndugu wangefika baada ya matanga.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia, na nyuma yake Mtunya. Wazee wa Ugogo bado wanahesabu miaka kwa njaa hiyo ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini kilichoua zaidi ni majeshi: Wajerumani walikomba nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na Waingereza waliowafuata wakakomba kilichosalia. Homa kuu ya mafua ya 1918 ikamalizia. Makisio yanayotajwa zaidi ni watu 30,000 waliokufa kati ya 150,000. Waliosalia wengi walikimbilia kwenye reli kutafuta chakula na kibarua, na mji ukapata wakazi waliokuwa wamepoteza hata ule ukoo wa kijijini.

Jibu la kwanza la watu wa mijini halikuwa ofisi wala katiba. Lilikuwa ngoma. Beni ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikafuata reli na misafara ya askari hadi bara. Iligawanyika pande mbili zilizoshindana kila mahali, Marini na Arinoti: Marini wakijiona waungwana, Arinoti wakijivunia kuwa watu wa kawaida. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, majenerali, makapteni na manesi; sare zilishonwa kwa kuiga za wanamaji na maofisa wa kizungu, na gwaride lilipigwa kwa zumari na ngoma kubwa. Wazungu wengi waliona mchezo wa kuigiza. Maofisa wa usalama wa Kiingereza, baada ya vita, waliona hatari: watu hawa walikuwa wanaandikiana barua kutoka mji hadi mji, na mwanachama aliyehama alipokewa na wenzake alikokwenda. Nadhani maofisa hao waliona vizuri kuliko wale waliocheka. Nyuma ya ngoma kulikuwa na mfuko. Mwanachama aliugua, alichangiwa. Alikufa, alizikwa na upande wake kwa heshima ya cheo chake.

1922–1924: Makarani wa Tanga na mgeni kutoka Marekani

Tarehe 24 Machi 1922, Martin Kayamba na watumishi wenzake wa serikali walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Hawa hawakutaka zumari. Walitaka chumba cha kusomea magazeti, timu ya mpira, na heshima kazini. Jambo lao kubwa, kwa macho yangu, ni kwamba Waislamu na Wakristo walikaa meza moja, wakati ambapo shule za misheni na za serikali zilikuwa zimewatenga tangu utotoni. Lakini kilikuwa chama cha wenye mishahara ya serikali. Mchuuzi, dereva na fundi walibaki nje.

Miaka miwili baadaye, 1924, tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilipita Tanganyika. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo Mwafrika mmoja tu, Dk. James Kwegyir Aggrey, mzaliwa wa Anomabu katika Ghana ya leo. Kleist Sykes, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa karani wa reli, alionana naye Dar es Salaam. Katika kumbukumbu alizoacha, Kleist anayahesabu mazungumzo hayo kuwa mbegu ya chama.

Hapa inafaa kuuliza Aggrey mwenyewe alilelewa katika mazingira gani, kwa kuwa mara nyingi tunamtaja kama mtu aliyeshuka kutoka mawinguni. Alikwenda Marekani mwaka 1898 kusoma chuo cha Livingstone, mji wa Salisbury, North Carolina, akabaki huko miaka zaidi ya ishirini akisoma na kufundisha. Chuo kilikuwa cha kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, AME Zion. Mmoja wa waliosimama nyuma ya kuanzishwa kwake alikuwa Askofu James Walker Hood, na askofu huyo huyo alikuwa pia Mkuu wa Freemason weusi wa North Carolina. Kwa watu wa jumuiya ile hakukuwa na ajabu yoyote: kanisa, shule na loji vilikuwa nguzo tatu za nyumba moja.

Udugu huo ulianza na mtu aliyeitwa Prince Hall. Tarehe 6 Machi 1775 yeye na wenzake 14, wote weusi walio huru, waliingizwa Freemason mjini Boston na loji ya kijeshi ya jeshi la Uingereza, kwa kuwa loji za Wamarekani weupe hazikuwataka. Hati yao kutoka London iliandikwa 1784, ikafika 1787: African Lodge namba 459. Mwaka ule ule wa 1787, mjini Philadelphia, Richard Allen na Absalom Jones walianzisha Free African Society, ambayo haikuwa loji wala kanisa. Kanuni zake zinafaa kusomwa na kila mweka hazina wa kikundi cha kuzikana cha Chang'ombe. Mwanachama alilipa shilingi moja ya fedha kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, akipatwa na shida, alipewa shilingi tatu na peni tisa kwa wiki, kwa sharti kwamba shida hiyo hakujitakia kwa upuuzi wake mwenyewe. Mjane alitunzwa. Watoto wa marehemu walisaidiwa kusoma. Homa ya manjano ilipoikumba Philadelphia mwaka 1793, Allen na Jones ndio waliowapanga watu weusi kuuguza wagonjwa na kuzika wafu wa mji mzima, weupe kwa weusi.

Sisemi kwamba African Association ilikuwa Freemason kwa mlango wa nyuma, haikuwa. Ninasema Aggrey alitoka katika watu waliokuwa na uzoefu wa zaidi ya karne moja wa kuunda ukoo kwa daftari la ada, na alipowaambia vijana wa Dar es Salaam waungane, alikuwa anazungumzia jambo alilokuwa ameliona likifanya kazi.

1929–1933: New Street

African Association iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929. Mwalimu Cecil Matola alikuwa rais wa kwanza, Kleist Sykes katibu, na miongoni mwa waasisi wenzao walikuwemo Mzee bin Sudi na Ibrahim Hamisi. Tofauti na chama cha Tanga, mlango ulikuwa wazi kwa Mwafrika yeyote, mwenye ajira ya serikali na asiye nayo, wa dini yoyote na kabila lolote. Tofauti na beni, hakukuwa na Kingi.

Kazi yao ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilikuwa jengo. Wanachama walilijenga New Street kwa kujitolea, wenye ufundi kwa ufundi wao na wasio nao kwa kubeba, likakamilika mwaka 1933. Mtaa huo leo ni Lumumba, na ndani ya jengo hilo ndimo TANU ilimozaliwa. Matola alifariki mwaka huo huo wa 1933. Mwaka huo pia Kleist na wenzake walianzisha Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya ya Waislamu iliyoshughulika na elimu, na kwa muda nguvu za makao makuu zikagawanyika.

Miaka ya 1930 hadi 1945: Tawi la Dodoma

Tawi la Dodoma ni miongoni mwa matawi ya mwanzo kabisa ya bara, la miaka ya mwanzo ya 1930. Zanzibar ilipata lake 1934. Katika uongozi wa Dodoma, majina yanayotajwa zaidi ni Hassan Suleiman na Ali Juma Ponda.

Kwa nini Dodoma mapema hivyo, mji mdogo, mkavu, usio na zao kubwa la biashara? Sababu ilikuwa barua ya uhamisho. Dodoma ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kati, na serikali ya kikoloni ilikuwa na desturi ya kuhamisha makarani na walimu wake kila walipoanza kuzoeleka mahali. Kwa serikali hiyo ilikuwa njia ya kumfanya mtumishi asiwe na mizizi. Kwa chama ilikuwa nauli ya bure. Karani aliyejiunga Dar es Salaam akapelekwa Dodoma alishuka stesheni akiwa na sanduku, kitanda cha kukunja na mazoea ya mikutano: ajenda, kumbukumbu za kikao kilichopita, kuthibitisha, yatokanayo, ada, mengineyo. Utaratibu ule ule anaoufuata leo mwenyekiti wa kikundi cha VICOBA Kikuyu au Makole ulikuja bara na watu wa namna hiyo.

Mwaka 1939 matawi yalikutana Zanzibar kwa mkutano mkuu wa kwanza, mwaka 1940 Dar es Salaam. Kisha vita ya pili ikasimamisha mambo. Mkutano wa tatu, mwaka 1945, ulifanyika Dodoma.

Ukitazama ramani utaona uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Hapa ndipo Reli ya Kati inapokatana na Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo. Mtu wa Mwanza, Tabora au Kigoma alikuja kwa treni moja. Wa Dar es Salaam na Morogoro kwa treni nyingine. Wa Iringa au Arusha kwa barabara. Chama kiliona faida ya Dodoma kuwa katikati miaka 28 kabla ya TANU kuamua, Oktoba 1973, kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa. Katika mijadala ya sasa ya kuhamia Dodoma sijasikia mtu akiutaja mkutano ule wa 1945, na ni hasara.

1946–1953: Chama kinapanuka, serikali inashtuka

Mkutano wa 1946 ulirudi Dar es Salaam, wa 1947 ukaenda Zanzibar. Mwaka 1947 ulikuwa wa moto kwenye reli. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, Septemba, ulipanda bara kufuata stesheni. Kongwa, ambako mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulikuwa ndio kwanza umeanza, nayo ilikuwa na mgomo wake. Mpango huo ulimeza takribani pauni milioni 36 na kuachwa mwaka 1951, ukaacha nyuma mafundi, madereva na vibarua wa makabila yote ya nchi wakiwa wametawanyika Dodoma, Mpwapwa na Kongwa, watu waliozoea kuishi na wasio wa kwao.

Mwaka 1948 Zanzibar na bara zikatengana, na chama cha bara kikawa Tanganyika African Association, TAA. Kilijitangaza kuwa na matawi 39 na wanachama 1,780. Ni wachache, uwanja wa Jamhuri pale mjini unawameza wote na viti vinabaki. Lakini hesabu ya matawi ndiyo inayoonyesha kilichokuwa kikifanyika: wastani wa watu chini ya 50 kwa tawi, kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina na kwa kazi. Tabora, mwalimu kijana wa shule ya St. Mary's aitwaye Julius Nyerere alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi alichukua urais na Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, ukatibu. Chama kikaanza kudai mambo ya katiba ya nchi. Serikali ikajibu kwa silaha yake ya siku zote: Kyaruzi alihamishwa kutoka Dar es Salaam, kwanza Kingolwira, baadaye Nzega. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA katika ukumbi wa Arnautoglu. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na Nzega, Tabora, Dodoma na kwingineko watu waliokuwa wameshika kalamu za chama kwa miaka 20 walitakiwa kuchagua kati ya daftari la chama na mshahara.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1910 | Reli ya Kati yafika Dodoma |
| 1917–1920 | Njaa ya Mtunya, Ugogo |
| 1922 | Chama cha watumishi Waafrika chaanzishwa Tanga |
| 1924 | Dk. Aggrey azuru Dar es Salaam |
| 1929 | African Association yaasisiwa |
| 1933 | Jengo la New Street lakamilika. Cecil Matola afariki |
| 1934 | Tawi la Zanzibar |
| 1939, 1940 | Mikutano mikuu ya Zanzibar na Dar es Salaam |
| 1945 | Mkutano mkuu wa Dodoma |
| 1948 | TAA. Zanzibar yajitenga |
| 1953 | Nyerere rais wa TAA. Watumishi wa serikali wazuiwa |
| 1954 | TANU, 7 Julai |

1954 na baada yake

Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 walikutana New Street na TAA ikawa TANU. Sheria mpya ya vyama ya mwaka huo ilidai kila tawi lisajiliwe peke yake, na msajili alikuwa na uwezo wa kukataa. Matawi 39 hayakugeuka kuwa ya TANU kwa kupaka rangi kibao. Kila mahali ilibidi watu wajitokeze upya, waweke majina yao, wangoje.

Dodoma kazi hiyo haikuanza na wazee wa chama. Miongoni mwa waliobeba TANU mjini hapa ni Haruna Taratibu, kwa kazi yake fundi mwashi. Alikuwa mdogo kwa kina Hassan Suleiman, hakuwa na elimu yao ya ofisini, na wazee hawakuwa na haraka ya kuhatarisha heshima waliyoijenga tangu miaka ya thelathini. Siwalaumu. Walikuwa wameunda chama cha kutunzana, na sasa waliombwa kukigeuza kuwa chama cha kugombana na serikali. Vijana walichokuta mezani, hata hivyo, hawakukitengeneza wao: mji uliokwisha kuzoea Mgogo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mzaramo kukaa kikao kimoja chini ya mwenyekiti mmoja.

Kazi nyingine za udugu ule TANU haikuzibeba. Kadi yake haikuahidi sanda wala posho ya mgonjwa. Hayo yalirudi mitaani, kwenye vikundi vya kufa na kuzikana, kwenye misikiti na makanisa, na huko yapo hadi sasa.

Tawi la Zanzibar, lililojitenga mwaka 1948, liliungana na jumuiya ya Washirazi mwaka 1957 kuunda Afro-Shirazi. Tarehe 5 Februari 1977 Afro-Shirazi na TANU zikawa chama kimoja, na matawi mawili ya African Association yaliyokuwa yametengana kwa miaka 29 yakarudi chini ya katiba moja. Makao makuu ya chama hicho yakawekwa Dodoma.